Kibaraza cha Ghorofa ya Tano

3 Machi 1988

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nyingine mpelekee mkaza mjomba, umwambie kile kikapu alichomsukia mama bado kinabeba, ila mkono wake mmoja tumeufunga kamba. Huku tu wazima. Goti la mama limeanza kuwa na maoni yake: likitaka linapanda ngazi, lisipotaka linakaa kwenye kiti na kuagiza maji ya moto. Mwanangu ametimiza miaka minne na anahoji watu kuliko hakimu. Baba yake yupo, kazi zimembana.

Sasa sikia. Nimepata kazi. Usicheke, nitakusikia hata huko. Jumba la makumbusho ya mji limeanzisha matembezi ya Jumamosi asubuhi, na mimi ndiye ninayetangulia mbele na kuongea. Unaona? Miaka yote mkiniita Kidomo, kumbe mlikuwa mnanitafutia riziki. Hatuonyeshi ngome wala makaburi ya wakubwa. Tunaonyesha zile nyumba za wafanyakazi zilizojengwa baada ya vita, mji ulipofurika watu na zege ikamwagwa kama uji. Watu hufika na nyuso za kusema “maboksi tu haya, tumeyaona.” Nawaambia subirini. Nawapitisha kwenye ngazi zenye kuta za matofali ya matundu, jua likimwaga madoa ya mwanga sakafuni. Nawaonyesha jinsi kila nyumba inavyopata upepo mbele na nyuma. Wakishuka hakuna anayetaja maboksi tena.

Mama ameniambia wewe ulikuwa fundi nondo pale, tena kiongozi wa kundi, na wenzako walikuita Koleo. Mbona hukunisimulia hata siku moja? Nataka visa, Mjomba. Hasa vya Jengo la Nne, ghorofa ya tano. Ndiko ninakomalizia matembezi, kwenye kile kibaraza kirefu kinachopita mbele ya milango yote. Hakuna mahali pazuri kama pale.

Mpwa wako,
Kidomo


30 Machi 1988

Kidomo,

Marahaba, na ya mkaza mjomba wako ni marahaba mbili, moja ya kikapu. Anasema kamba ni aibu, ulete kikapu au ulete wewe mwenyewe. Tunaendelea. Mimi bado natengeneza madawati ya shule. Wananiuliza mbona fundi chuma mzima nimehamia kwenye mbao, nawajibu mbao haina kinyongo: ukikosea inapasuka palepale mbele yako, basi mmemalizana.

Nimefurahi kwa kazi yako. Visa vipo. Msanifu wetu alikuwa akija na viatu vyeupe kwenye tope la zege, na kila Ijumaa tulikuwa tunabishana vitachafuka kufikia saa ngapi. Hakuna aliyewahi kuona hata doa. Nyapara wetu tulimwita Hima-Hima, kwa kuwa hakuwa na neno jingine. Ukifa kwake ungesikia “hima, hima, mzikeni hima.” Kulikuwa na kiongozi mkubwa anakuja kukata utepe, tarehe imeshatangazwa, na majengo hayajui kusoma tarehe. Tulifunga nondo hadi vidole vikasahau kunyooka. Hayo waambie wageni wako, watacheka.

Kuhusu ghorofa ya tano sina kisa.

Hao wageni, kwa nini wapande? Wasimamishe bustanini. Jengo ni kama mlima, umbo lake huonekana kwa mbali. Na huwa ni wangapi kwa mara moja?

Mumeo msalimie. Umeandika kazi zimembana. Zimembana zipi?

Mimi mjomba wako


24 Aprili 1988

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliwasomea makumbusho, viatu vyeupe vimeshaingia kwenye maelezo yangu ya Jumamosi. Mama amepata dawa ya kupaka inayonuka kama banda la farasi. Goti linapata nafuu, majirani ndio wanaugua. Mtoto mzima. Baba yake anaendelea.

Umeniuliza ni wangapi. Tulianza na sita, wiki iliyopita walikuwa ishirini na mbili, na mwezi wa nane makumbusho yanafungua maonyesho ya picha, nimeambiwa nijiandae kwa arobaini. Bustanini? Mjomba, bustani imebaki jina. Na uzuri wote uko juu. Kile kibaraza kinatoka ukutani bila nguzo hata moja, chembamba, urefu wa milango kumi na mmoja. Bibi mmoja aliyestaafu usanifu aliegemea ukingo akasema, “Huyu aliyejenga hivi alikuwa na imani.” Wote wakaegemea naye kutazama chini. Nilijisikia fahari kama nimekijenga mimi.

Kwa hiyo nauliza tena, usinikwepe: nani alifunga nondo za pale? Ni wewe? Mwanamume wa miaka hamsini na mitano asione haya kusifiwa.

Kidomo


5 Juni 1988

Mpwa wangu,

Barua yako imekaa kwangu wiki nne. Si kwamba nilikuwa naumwa.

Usipandishe watu Jengo la Nne, ghorofa ya tano. Wala sita, wala wawili. Usiniulize sababu. Pale wanaishi watu, wanaanika nguo zao, hawahitaji kutazamwa kama samaki wa kwenye chupa. Chukua hiyo iwe sababu.

Kuna jambo moja nifanyie. Nenda pale peke yako, mchana, utembee karibu na ukuta. Tazama chini ya milango, pale kibaraza kinapoungana na sakafu ya nyumba. Tazama upande wa juu, unapokanyaga. Niandikie kama kuna ufa unaofuata milango, na kama maji ya mvua yanatuama ukutani au yanakimbilia nje. Tazama tu. Usichokonoe.

Mama yako asijue kwamba nimeuliza.

Mjomba


22 Juni 1988

Mjomba,

Shikamoo, ingawa barua yako haikuwa na salamu hata ya paka. Nyumbani wote wazima, kama bado unajali.

Nimetazama. Ufa upo, mwembamba kama unywele, unakatika mlango wa tatu kisha unaanza tena. Maji yanakimbilia nje. Nilimuuliza mtunza majengo, tunayemwita Mzee Funguo kwa sababu ana funguo kiunoni kama kengele za mbuzi. Yupo pale tangu siku ya utepe. Akacheka: “Binti, nyumba kubwa zote zina mikunjo. Kila mwaka naipitishia saruji kwa mwiko wangu, inalala.” Na tafadhali usianze na ule msemo wa ufa na ukuta, Mzee Funguo ameshaninukulia mara mbili.

Nimekutii. Nimeacha kupandisha watu Jengo la Nne. Sasa tunamalizia Jengo la Pili, ghorofa ileile ya tano, mandhari ni yaleyale. Tena kule Mzee Funguo amepiga saruji mpya mwezi uliopita, chini ya milango pamenyooka, pasafi kabisa.

Lakini nimekaa na jambo moja ambalo halinitoki. Wewe uko mwendo wa siku mbili kutoka hapa, na hujakanyaga mji huu tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Ulijuaje kama kuna ufa?

Kidomo


11 Julai 1988

Mwanangu,

Leo sikuiti Kidomo. Dada yangu ameniandikia. Ameandika mambo mawili ambayo wewe hukuyaandika: kwamba uliachana na mumeo tangu Januari, na kwamba unaishi na mtoto Jengo la Nne, ghorofa ya tano, mlango wa saba. Barua zako zote umeweka anwani ya mama yako. Sikulaumu. Sisi watu wa ukoo huu tunaficha mambo kama wengine wanavyoficha sukari.

Basi na mimi nifungue langu.

Kile kibaraza kinaning'inia. Kinachokishika ni nondo zinazotoka ndani ya sakafu ya nyumba, na lazima zipite juu, karibu na uso wa zege. Nyoosha mkono mbele, mtoto aning'inie kwenye kiganja chako: msuli unaokaza ni ule wa juu ya bega. Nondo ndiyo msuli. Ukiiweka chini, zege itasimama kwa ukaidi wake tu. Itasimama mwaka, itasimama thelathini. Halafu siku moja haitasimama, na haitakupa taarifa.

Nilizifunga juu, sawasawa, kwa mikono yangu. Chini yake tuliweka vigoda vya chuma vya kuziinua. Siku ya kumwaga zege mvua ikaja kama imetumwa. Watu wakakimbia na makarai juu ya nondo, mbio mbele, mbio nyuma, vigoda vikapinda na kulala, na zege ikafunika. Niliona. Nilimshika Hima-Hima mkono.

“Nyapara, nondo zimekwenda chini. Tusimame, tuzoe, tuinue.”

“Tuzoe zege ya asubuhi nzima? Utepe ni wiki tatu, Koleo. Hima!”

Mhandisi alikuwa ngazini chini ya mwavuli. Hakutaka kulowa. Akaniita kwa mbali, mimi, si nyapara, kwa kuwa wiki ileile nilikuwa nimefanywa kiongozi wa kundi.

“Nondo ziko juu?”

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, posa imeshapelekwa.

“Ziko juu, bwana mhandisi.”

Akaandika, akashuka.

Heri kujikwaa kidole. Majengo yalipokamilika, mafundi wote tulipewa nafasi ya nyumba. Nilikataa, nikahama mji. Dada alidhani nimeringa, au mke wangu amenigeuza. Bibi yako alifia kwenye chumba cha kupanga chenye mlango wa bati, akisubiri nyumba ambayo mwanawe aliirudisha. Dada hakunisamehe, na sikumwambia sababu, kwa sababu kumwambia kungekuwa kuwaambia wote waliokubali kuingia.

Ilikuwa Jengo la Nne, ghorofa ya tano. Ulipoandika maneno hayo mwezi wa tatu nilidhani kuna mtu amekutuma.

Toka leo. Mbebe mtoto, tembea mgongo ukutani. Kisha waambie majirani, watoke mmoja mmoja, bila mizigo. Hawana njia nyingine ila ileile. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mjomba wako


3 Agosti 1988

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo.

Nilifanya ulivyosema. Nilitoka na mtoto nikiwa na barua kifuani, mgongo ukutani. Kisha nikarudi kugonga milango mmoja mmoja. Walinisikiliza, Mjomba. Mama mmoja alitoka na watoto watano wameshikana nguo hadi chini. Tulilala siku nne kwenye ukumbi wa shule. Mimi nikaenda ofisi ya nyumba.

Mhandisi wao ni kijana mtaratibu. Nilimwambia mjomba wangu alifunga zile nondo na anasema zimelala chini. Hakunifukuza. Alikuja na fundi mwenye patasi, wakachimba mbele ya mlango wa saba, mlango wangu, watu wote wamesimama chini uani wakitazama juu.

Nondo zilikuwa juu, Mjomba. Vidole viwili tu kutoka uso wa zege, zimenyooka, waya umefungwa kama ulivyofungwa jana. Akaniita nije nishike. Nikashika.

“Mjomba wako ana umri gani?” aliniuliza. Nikamwambia. Akasema, “Kumbukumbu nayo huota kutu.” Hakucheka, ila wengine walicheka. Yule mama wa watoto watano alinipita kwenye ngazi bila kuniangalia. Wamerudi wote. Na mimi nimerudi, nitaenda wapi? Makumbusho wameniita na kuniuliza kama ninaweza kuendelea na kazi bila kutia watu hofu.

Sijui ulifanya nini siku ile ya mvua wala siku hizi unawaza nini. Ila umenibebesha aibu yako, na imegeuka kuwa si aibu ya mtu yeyote.

Maonyesho yanafunguliwa Jumamosi ya tarehe 20. Watakuja arobaini. Nitawapandisha Jengo la Pili, saa nne asubuhi. Usiniandikie kuhusu vibaraza tena.

Mpwa wako


TELEGRAMU
Ijumaa, 19 Agosti 1988

DADA. HESABU YETU ILIANZIA UPANDE WA RELI. NNE YETU NI MBILI YENU. BINTI YAKO ASIPANDE MBILI KESHO. MWAMBIE. KAKA


11 Septemba 1988

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Ni mara ya kwanza kumsikia akisema “msalimie kaka” bila kukohoa kwanza. Hajambo, isipokuwa hilo goti, na utajua kwa nini. Mtoto yuko kwake, mimi pia. Nina mengi ya kukuandikia, acha niende polepole.

Telegramu ilimfikia mama Jumamosi saa tatu na nusu. Mimi nilikuwa nimeshatoka. Aliisoma mara mbili na hakuuliza mtu. Alifika uani wakati sisi tumeshapanda: watu thelathini na wanane kwenye kibaraza cha Jengo la Pili, nami naongea. Ananiambia alifungua mdomo aniite, kisha akaufunga. Aliwaza kwamba akipiga kelele chini, wote thelathini na wanane wataegemea ukingo kumtazama. Mjomba, hilo nisingeliwaza. Akaanza kupanda ngazi. Ghorofa tano, kwa goti lile, anajivuta kwa mikono kwenye chuma cha ngazi.

Nilimwona akitokea mwisho wa kibaraza, jasho linamtiririka, hajakanyaga ndani. Alininyooshea karatasi. Nilikwenda, nikaisoma. Nikatazama chini ya milango, pale kwenye saruji mpya ya Mzee Funguo. Saruji ilikuwa imeachana na ukuta. Ungeweza kutia sarafu.

Sikupiga kelele. Nilifanya kazi yangu. Nikasema, “Wageni wangu, mandhari mmeyaona. Sasa geukeni muone kitu ambacho watu hupita bila kukiona: milango. Sogeeni karibu, guseni mbao, mjipange mstari mmoja. Msanifu alichora kila mlango ufunguke bila kumziba mwenzake.” Uongo mtupu, sijui kama alichora hivyo. Lakini wote waligeuka na kujibana ukutani. Nikawapitisha hivyo, mlango kwa mlango, mmoja mmoja, hadi ngazini alipokuwa mama, na mama akawa anawashika mkono kila anayefika kana kwamba anawakaribisha harusini. Mzee mmoja alisimama katikati kubadilisha filamu ya kamera. Nilimwambia, “Baba, huku kuna mwanga mzuri zaidi.” Akaja.

Wenye nyumba tuliwatoa baadaye, vilevile. Hawakubisha sana, waliona uso wa mama.

Mzee Funguo alithibitisha. Zamani lango lilikuwa upande wa reli. Barabara ilipowekwa lami lango likahamia upande wa pili, namba za majengo yote matano zikapakwa rangi upya kuanzia huko. Alisema alipaka yeye mwenyewe. Tumeishi miaka yote hii tukisoma hesabu kinyume.

Yule mhandisi kijana alirudi na patasi Jumatatu. Safari hii alichimba kiganja kizima kabla ya kukuta chuma. Alikaa pale chini, akapima mara ya pili. Wakaweka kamba, wakafunga ngazi ya ghorofa ya tano, wakasema magogo ya kuegemeza yataletwa ndani ya wiki.

Hayakuletwa. Alhamisi ya tarehe 1, saa tano asubuhi, Mzee Funguo alivuka kamba. Fundi cherehani wa mlango wa nne alikuwa analia tangu siku ya kwanza kwa ajili ya cherehani yake, hana kingine cha kulishia watoto. Mzee akamwambia, “Jengo hili nalijua kuliko mke wangu,” akapanda. Aliitoa mlangoni, wakamwona ameibeba begani.

Hakukuwa na mlio wa kupasuka. Watu waliokuwa uani wanasema kibaraza kilijikunja kama ukurasa. Milango mitatu kwa urefu wake.

Mzee alikaa hospitali siku tatu. Alinitambua. Tulimzika Jumapili.

Sasa kuna tume. Wakazi wa ghorofa nyingine walitolewa, kisha wakarudishwa juzi, kwa sababu tume iliniuliza mjomba wangu alisema ni ghorofa ngapi, nami nikasema moja tu. Wakapima za juu na chini kwa macho, wakaridhika. Wanajua kuna barua. Mwenyekiti ameniomba niilete. Nimemwambia naitafuta. Iko ndani ya godoro la mtoto. Nikiitoa, jina lako litasomwa mbele ya mjane wa Mzee Funguo. Nisipoitoa, wataandika kwamba ni mvua na uzee wa zege, na Hima-Hima na mhandisi wa mwavuli wote walishakufa, hakuna wa kuulizwa ila wewe.

Mama anasema uamuzi ni wako. Amesema pia nikuandikie kwamba mwaka ule, kama ungemwambia, angekasirika siku mbili tu. Nilimuuliza kama ni kweli. Akasema, “Labda wiki.”

Niambie nifanye nini.

Kidomo wako


30 Septemba 1988

Kidomo,

Marahaba. Mwambie dada kwamba wiki ningeistahimili.

Kama alikuwapo tangu siku ya utepe, basi Mzee Funguo namkumbuka. Alikuwa kijana wa kusukuma toroli, alikuwa na pengo la jino la mbele na akipiga mluzi kupitia hapo. Sikujua kuwa ndiye. Ulipoandika Agosti kwamba nondo ziko juu, ndipo nikamuuliza dereva wa basi lango liko wapi siku hizi, nikajua tumehesabu kinyume. Mkaza mjomba wako amenikuta nimekaa na barua yako, akaisoma yote kwa kuwa sikuificha. Miaka thelathini na moja ya ndoa, leo ndiyo amejua anaishi na nani. Amekwenda kunifungia nguo kwenye begi. Hata shati amelipiga pasi.

Itoe barua. Usiikate hata mstari. Na hii itoe pia, kwa sababu ile haikumaliza.

Nilikuandikia kuhusu mvua. Ilikuwa kweli, na ilikuwa nzuri kuiandika, maana mvua humpa mtu udhuru. Wiki moja baadaye tulimwaga kibaraza cha ghorofa ya sita, jengo lilelile. Jua lilikuwa linawaka. Nilikaa chini asubuhi kupinda vigoda vya kuinua nondo, Hima-Hima akasimama juu yangu.

“Unapoteza saa nzima na hivyo viti vya wanasesere.”

“Bila hivyo nondo zitalala, nyapara.”

“Za tano si zililala? Mhandisi si alipitisha? Kimeanguka?”

Nikawatazama wenzangu, wananisubiri. Nikaweka koleo chini. Hatukupinda kigoda hata kimoja. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyekanyaga kwa bahati mbaya. Tulizilaza wenyewe. Na mhandisi alipouliza nilijibu kabla hajamaliza swali.

Kwa nini sikukuandikia Julai? Nilijiambia wewe unaishi ya tano, hiyo ndiyo ya haraka. Si kweli. Nilitaka mpwa wangu aniwazie kama mtu aliyeonewa na mvua.

Nimepiga telegramu leo asubuhi, moja kwa mama yako na moja kwa mwenyekiti wa tume: WATOE WATU GHOROFA YA SITA JENGO LA PILI. Karani wa posta aliniuliza kama nina hakika na maneno hayo. Sijui zitafika lini, leo ni Ijumaa na ofisi zao zinafungwa mchana. Basi la huku linaondoka Jumatatu, barua hii inapanda nalo, na mimi pia. Kondakta atawaletea mara tukifika.

Msinitafute kituoni. Nitashuka na kwenda kwanza pale, Jengo la Pili. Nikikuta wametoka, nitakwenda kwa tume. Nikikuta bado wapo, nitapanda ya sita mwenyewe na kugonga milango yote kumi na mmoja, taratibu, kuanzia wa mwisho. Wewe usinifuate juu. Mshike mama yako mkono, msimame mbali na ukuta, na hata mkiniona nimekawia, msiniite.

Mjomba wako